Nusu Kondoo

Turat mwenye bucha alisikia vizuri kabisa, ila alitaka na wale waliosimama nyuma wasikie.

"Umesema kiasi gani, Mama Azat?"

"Nusu," Salkin akasema. "Nusu kondoo. Upande wowote, mradi uwe safi."

"Nusu." Turat akalilaza shoka kwenye gogo taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Leo si Jumapili ya kwanza ya mwezi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na zamu si ya kwenu?"

"Turat, wewe unauza nyama au unaandikisha sensa?"

Wanawake kwenye foleni wakacheka, lakini Salkin alijua kicheko cha namna ile kinakwenda wapi. Nyuma yake alikuwa Jipar, mpishi wa shule, ambaye mdomo wake ulikuwa unafika kokote pale kijijini At-Bashi kabla ya gari lolote. Jipar alikuwa ameshaanza kuvaa glavu zake, naye hata hajanunua kitu. Basi Salkin akachukua nusu yake ya kulia, akaifunga kwenye gunia safi, akaiburuta mpaka kwenye mkokoteni, akaondoka kichwa juu. Tope la Aprili lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu.

Kwa miaka thelathini na minane, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ukoo ulikula pamoja: mwezi huu kwa Usen, mumewe Salkin, mwezi ujao kwa Asan, pacha wa Usen. Watu kumi na wawili, wakati mwingine kumi na watano jirani akinusa moshi. Salkin alipenda siku hiyo kuliko sikukuu. Nyumba ikijaa viatu mlangoni mpaka huna pa kukanyaga, yeye ndipo anapopumua vizuri. Na kila mara alichinjwa kondoo mzima. Watu walikula mpaka wakafungua vifungo, kilichobaki kila mmoja akaondoka nacho kwenye mfuko, na kilichobaki baada ya hapo Usen alikimaliza mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni, mpaka Alhamisi.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye Alhamisi.

Mwezi wa pili, usiku wa baridi kali, kidole gumba cha mguu wa kulia wa Usen kilivimba kikawa kama kitunguu chekundu. Mwanamume aliyewahi kuvunjwa mbavu na farasi akapanda na kumaliza safari, alikwenda chooni akiegemea sepeto, akilia machozi kimya kimya. Ilikuwa jongo. Daktari wa mjini, binti mdogo mwenye miwani, alisoma karatasi za damu kisha akakunjua kiganja chake mbele yao.

"Nyama ya siku nzima ni hii, babu. Kiganja bila vidole. Tena si kila siku. Supu ya mifupa isahau. Figo zako zimeshaanza kulalamika. Mwezi wa tano nitapima tena. Zikiendelea hivi, mambo ya kupanda farasi kwenda malisho ya juu mwezi wa sita uwaachie vijana."

Usen alingoja mpaka walipofika nyumbani. Hapo akasema mawili. La kwanza, nyumba yake haitapimiwa nyama kwa kiganja cha mtoto wa kike. La pili, Salkin asithubutu kumwambia Asan.

"Akijua atanicheka mpaka tuzikwe. Halafu atanicheka tukishazikwa."

"Atakucheka kwa ugonjwa?"

"Atasema mdogo ameanza kuoza kabla ya mkubwa."

Hilo la mdogo na mkubwa lilikuwa na historia. Mapacha hao walizaliwa katika kambi ya majira ya baridi, theluji imeziba njia, na mkunga alimfunga wa kwanza uzi mwekundu mguuni ili ajulikane. Siku ya tatu, wakati wa kuoga, uzi ukaonekana unaelea kwenye beseni. Mtoto gani ulimtoka, hakuna aliyeona. Mama yao akawapa majina kwa kubahatisha, na tangu hapo Asan anadai yeye ndiye mkubwa, Usen anadai yeye, na wana miaka sitini na mitatu. Wameshagombana kwa jambo hilo harusini, matangani na mara moja juu ya paa. Hata wake zao wanaitana "dada mkubwa" kwa kejeli, kila mmoja akimsukumia mwenzake uzee.

Basi Salkin akaanza kazi yake ya siri. Kwenye karai la nyama ya kukaanga akaongeza viazi. Wiki iliyofuata viazi vikazidi. Usen akachomoa kimoja kwa uma, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu naye alikuwa akilia mee?"

"Kula, mzee. Ni vya shamba letu."

"Namuuliza yeye, sikuulizi wewe."

Alikula, akanuna, akaenda kwa Asan kushiba. Salkin akajua kwamba viganja vya nyumbani ni bure kama Jumapili ya kwanza itabaki vile vile. Siku hiyo moja ilikuwa inaharibu mwezi mzima. Ndipo akapata hesabu yake: nusu kondoo, watu kumi na wawili, kila mtu atapata kiasi cha heshima, na hakuna mfuko wala Alhamisi. Aliipiga hesabu hiyo siku nne, akilala nayo na kuamka nayo, na haikuwa na kasoro.

Nyama ilikuwa imechemka saa nzima wakati Ulkan, mke wa Asan, alipoingia jikoni bila kubisha, shungi limekaa upande, pumzi juu.

"Dada mkubwa," akasema, "nimetoka kuambiwa sokoni kwamba mmenunua nusu kondoo. Nikamwambia Jipar aache uzushi. Nikamwambia kwa yule dada, nusu kondoo hula paka."

"Karibu, dada mkubwa. Vua koti."

Ulkan hakuvua koti. Alifunua sufuria, akapisha mvuke, akachungulia kwa jicho la mwanamke aliyegawa nyama maisha yake yote. Akachukua mwiko mrefu, akageuza kipande hiki, akageuza kile. Halafu akageuza tena, polepole.

"Nyonga ya pili iko wapi?"

Salkin alikuwa anakata tambi. Kisu kikasimama.

Kila mtu hapo ana mfupa wake. Mfupa wa paja una mwenyewe, wa bega una mwenyewe, mkia ni wa wanawake wakubwa, kidari ni cha wakwe. Na mfupa wa nyonga ni wa mwanamume mkubwa kuliko wote katika nyumba. Kondoo ana nyonga mbili. Mama wa mapacha, ambaye hakuwa mjinga, aliliona hilo mapema: mmoja kwa Asan, mmoja kwa Usen, siku ile ile, dakika ile ile, na ugomvi ukalala. Tangu walipoota ndevu haijatokea hata mara moja mmoja akapata na mwingine akakosa.

Salkin alikuwa amehesabu watu. Alikuwa amehesabu viganja. Mifupa hakuihesabu, kwa sababu hajawahi kulazimika. Kondoo mzima huja na mifupa yake jozi jozi, kama soksi, nani anahesabu soksi zinazotoka pamoja?

"Ni moja tu," akasema.

"Ni moja tu," Ulkan akarudia. "Na wapo wawili. Na mwaka ule wa paa, wa kwangu alianguka akavunja jino." Akageukia mlango. "Merim! Merim mwanangu, njoo upesi."

Merim, mke wa Azat, mwana wa Salkin, akaingia akishika kiuno. Alikuwa na mimba ya miezi sita na alitembea kama mtu aliyebeba trei.

"Kimbia kwa Turat," Ulkan akasema. "Basi usikimbie, tembea. Mwambie akupe nusu ya pili kabla hajafunga. Bado kuna muda, wanaume wako nje wanatazama farasi."

Merim akamtazama mama mkwe wake.

Salkin alitazama sufuria. Nusu ya pili ingemaliza kila kitu kwa amani. Nyonga mbili, vicheko, vifungo kufunguliwa. Kisha mifuko, na supu ya asubuhi, na Jumatatu, na Jumanne. Akamwona Usen na lile sepeto kwenye theluji.

"Usiende," akasema.

"Dada, umerukwa na akili?"

"Merim, katazame mtoto asichezee samovari ya chai, inachemka. Funga mlango." Mlango ulipofungwa, Salkin akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "Nilikatazwa kusema. Nakwambia wewe, na ukimwambia mumeo mimi na wewe hatujuani. Ni jongo. Mguu ulivimba mwezi wa pili, akawa hatembei. Figo zimeguswa. Daktari kasema kiganja bila vidole."

Alingoja Ulkan acheke. Ulkan alikuwa mtu wa kucheka kwanza, kuuliza baadaye. Lakini Ulkan aliketi juu ya gunia la unga, koti na vyote.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Wangu ni wa kushoto," akasema Ulkan.

"Wako?"

"Wa mzee wangu. Tangu mwaka mpya. Nilikatazwa kusema." Akavua shungi, akajipepea nalo. "Hukuona leo kaingiaje? Buti mguu mmoja, ndala mguu wa pili, eti ngozi ya buti imebana kwa unyevu. Usiku anaweka mguu nje ya blanketi, maana hata blanketi linamuuma. Na bado juzi kala kichwa cha kondoo peke yake. Nikimzuia ananiambia, Usen mbona anakula kama simba?"

"Huyu wangu ananiambia, Asan mbona anakula kama simba?"

Wakatazamana. Halafu hao wanawake wawili wenye wajukuu wakacheka mpaka Salkin akashika ukingo wa meza, na Merim akabisha mlango kuuliza kama kuna mtu ameungua.

"Sasa tunafanyaje?" Ulkan akauliza, akifuta macho.

Salkin akachukua mwiko, akauzamisha, akauinua ule mfupa wa nyonga, mzuri, mnene, unatiririka. Akautazama pande zote.

"Tunauweka katikati yao," akasema. "Tuone simba ni yupi."

Walipokwisha kunawa, maji yakimwagwa na Azat kutoka birika hadi beseni, watu walikaa kuzunguka kitambaa cha chakula kilichojaa mkate, maandazi madogo na jamu ya aprikoti kavu. Mapacha walikaa mahali pa heshima, mbali na mlango, bega kwa bega, kofia zao ndefu nyeupe kichwani. Kila mmoja alikuwa amenyoosha mguu mmoja mbele na kuutupia ncha ya kitambaa juu, kwa namna ya mtu aliyestarehe.

Sahani zikapita. Kila mtu akapewa mfupa wake. Mwishowe Salkin akaja na sahani ya bluu, ile iliyokuwa ya mama yao, akaiweka kati ya wazee wawili. Juu yake kulikuwa na nyonga moja.

Azat akaacha kutafuna. Jirani mmoja, aliyefika kwa kunusa moshi, akasogea karibu kidogo asipitwe na kitu.

Asan aliutazama mfupa. Usen aliutazama mfupa, halafu akamtazama mkewe, uso umeanza kuwiva. Salkin alijua anachofikiri: kwamba ameaibishwa mbele ya ukoo wake, nyumbani kwake, kwa jambo alilokatazwa. Aliketi karibu na mlango, kando ya Ulkan, akashika mkono wa Ulkan chini ya aproni.

Usen akakohoa. Kisha akaisukuma sahani kwa vidole viwili.

"Chukua."

Asan akageuka. "Mimi?"

"Wewe si ndiye mkubwa?"

Hapo hata jirani alishusha kikombe. Miaka sitini na mitatu Asan alikuwa akingoja maneno hayo, na angeyasikia mwaka mmoja kabla, angetoka nje kuutangazia mlima. Sasa alikuna shavu. Akaisukuma sahani kurudi.

"Hapana. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mkubwa ni wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuwa sisemi tu."

"Ulikuwa husemi? Juu ya paa ulinipigia kelele nini?"

"Ujana ule. Kula, kaka."

"Kula wewe, kaka. Una meno mazuri."

"Meno mazuri wapi, moja liko chini ya paa lako. Chukua bwana, mchuzi unaganda."

Sahani ilikwenda kulia ikarudi kushoto, ikaenda tena, na kila safari msukumo ukazidi nguvu, mpaka Asan akajiinua ili aisukume vizuri. Mguu wake ulionyooshwa ukateleza chini ya kitambaa. Na mguu wa Usen ulikuwa huko huko. Kidole gumba kikakutana na kidole gumba.

Mlio uliotoka ulikuwa mmoja. Midomo miwili, sauti moja, macho yamefumbwa namna moja, mikono imeruka kushika miguu kwa pamoja. Kofia mbili zikaanguka kwenye jamu.

Usen ndiye aliyefumbua jicho kwanza. Akautazama mguu wa ndugu yake, soksi imekatwa mbele kwa mkasi ili kidole kipumue. Yake ilikuwa imekatwa vile vile.

"Tangu lini?" akauliza, sauti ndogo.

"Mwaka mpya. Wewe?"

"Februari."

"Basi mimi nilianza," Asan akasema, na kabla hajajizuia tabasamu likamponyoka. "Unaona? Mkubwa ni mimi."

Usen alianza kucheka kwa pua, halafu kwa kifua, halafu akamwangukia ndugu yake begani, na chumba kizima kikalipuka. Jirani alicheka bila kujua anacheka nini. Aizirek, mjukuu wa miaka sita, akauliza kama sasa jamu inaweza kuliwa pamoja na kofia.

Kicheko kilipotulia, Usen akamtafuta mkewe kwa macho. Salkin hakuinamisha kichwa.

"Ulimwambia Turat nusu," akasema Usen. "Mbele ya watu."

"Mbele ya Jipar."

"Mbele ya Jipar," akaguna. "Sasa umefanya nyumba yangu iwe na nyonga moja na wazee wawili. Gawa wewe. Wewe ndiye uliyenunua."

Tangu mama wa mapacha, hakuna mwanamke aliyewahi kugawa nyonga mbele ya ukoo ule, na Salkin hakuwa amejiandaa. Lakini alikuwa amelala na hesabu siku nne, na sasa aliona kipande kilichokuwa kimepotea kwenye hesabu hiyo.

"Leo mkubwa ni shemeji," akasema. "Mwezi ujao, kwao, mkubwa ni mzee wangu. Na kule nako itanunuliwa nusu. Na mkubwa ni yule anayelisha wengine, basi akate nyama yote, awape vijana kwa mkono wake, kama alivyofanya mama yenu. Yeye abaki na mfupa na kiganja kimoja."

"Kiganja cha nani?" Asan akauliza haraka. "Changu au chako?"

"Cha daktari," akasema Ulkan. "Ni msichana mdogo."

"Mwezi mzima nitakuwa mkubwa?"

"Mwezi mzima, shemeji. Ukienda mahali, wewe unatangulia mlangoni."

Asan akatafakari hilo jambo la mlango. Lilimwingia. Akavuta kisu kiunoni, akaushika mfupa, akaanza kukata, vipande vyembamba, vyenye mafuta kidogo pembeni. Cha kwanza akakitia mdomoni mwa Aizirek. Cha pili akamwita Merim, na Merim, ambaye hajawahi kuonja nyonga maishani mwake, akainama kwa shida akapokea kwa mdomo, macho yakamjaa maji. "Hiki chako, hiki cha huyo wa ndani," Asan akasema. Azat akapata. Jirani akapata. Mkono wa mzee ulikuwa unang'aa mafuta mpaka kiwiko, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Ulkan hakuiona hata alipokuwa akila kichwa kizima peke yake.

Kilichobaki akakigawa mara mbili. Usen akakunjua kiganja chake cha kulia, akaweka nyama juu, akavifunika vidole kwa mkono wa pili visionekane. Akakinyoosha kiganja kile mbele ya watu wote, kuelekea mlangoni alikoketi mkewe.

"Inatosha?"

Salkin alipima kwa jicho. Ilikuwa imezidi kidogo upande wa dole gumba.

"Leo inatosha," akasema.

Usen alikula polepole, akitafuna kila upande. Alipomaliza alilamba kidole kimoja kimoja, akaangalia sahani tupu, akaguna, lakini hakuomba. Nje, farasi wa rangi ya kahawia alipiga kwato kwenye tope, na Usen akageuza kichwa kusikiliza.

"Yule atahitaji viatu vipya kabla ya mwezi wa sita," akasema. "Njia ya juu ina mawe."

"Nitakwenda mbele," akasema Asan, "kwa kuwa ni mkubwa."

"Mwezi wa sita zamu itakuwa ya nani? Hesabu vizuri."

Asan akahesabu kwa vidole vyenye mafuta: huu wa nne ni wangu, wa tano ni wake, wa sita. Akatabasamu, akasukuma kikombe chake kitupu mpaka kikagusa goti la ndugu yake.

"Ni wangu. Nimiminie chai, mdogo wangu."

Usen alimtazama kwa muda ambao ungetosha kuchinja kondoo mwingine. Kisha akanyoosha mkono, akachukua birika, akammiminia, kikombe nusu, kama anavyomiminiwa mtu ambaye hutaki aondoke mapema.